Ivan wa Tatu wa Moscow aliponaje katikati ya maadui wote wale?

Kijana wa Chuno

Wanajamvi, habari za usiku huu.

Mimi ni mlinzi wa ghala la korosho hapa Mtwara mjini. Minada imeisha, ghala tupu, kwa hiyo usiku kucha nalinda kuta na kusoma simu. Siku hizi nimenasa kwa mtawala mmoja wa Moscow, Ivan wa Tatu, aliyekaa madarakani kuanzia 1462 hadi 1505. Si yule Ivan Mkatili mnayemsikia, huyu ni babu yake.

Nimechana boksi nikachora ramani kwa makaa ili nielewe. Moscow nimeiweka katikati. Magharibi yupo Casimir, mfalme wa Poland ambaye hapohapo ni mtawala wa Lituanya, na Lituanya ya enzi hizo si hii ndogo ya leo, ilishika mpaka Smolensk na Kiev. Kusini yupo Akhmat Khan na Watatari wake, mabaki ya lile dola la Wamongolia, na Moscow imekuwa ikiwalipa kodi tangu enzi za mababu. Mashariki kuna Kazan, Watatari wengine. Kaskazini kuna Novgorod, mji wa matajiri. Mlangoni kabisa pana Tver, wapinzani wa miaka nenda miaka rudi. Halafu kuna ndugu zake mwenyewe wa tumbo moja, wamenuna kwa sababu ya urithi.

Kwa ramani yangu ya boksi huyu mtu alitakiwa amalizwe mapema sana. Badala yake anazeeka, anakufa kifo cha kawaida, na nchi anayoiacha ni kubwa mara kadhaa kuliko aliyoikuta.

Maswali yangu ni mawili. Kwanza, kwa nini hawakuungana wakampiga? Pili, ile habari ya mto Ugra mwaka 1480: majeshi mawili yanaangaliana ng'ambo na ng'ambo, wiki zinapita, kisha kila mtu anarudi kwao. Pale nani alimshinda nani? Nimewasimulia wenzangu kijiweni wameniambia niache kusoma hadithi za kutungwa.

Nawasilisha.

Zimwi la Masasi

Mkuu, jibu ni moja tu: baridi. Mrusi halindwi na jeshi, analindwa na friji. Kamuulize Napoleon. Uzi ufungwe.

Mwalimu Mstaafu, Kilwa

Kijana wa Chuno, marahaba, hata kama hukuamkia.

Nimefundisha historia sekondari mpaka nikastaafu, sasa nalima ufuta huku Kilwa. Swali lako nimelipenda kwa sababu umeanza na ramani. Wanafunzi wangu wengi walikuwa wanaanza na majina ya wafalme na wanaishia hapohapo.

Nianze na Zimwi kabla hajafunga uzi wa watu. Baridi ya 1480 ilikuwa upande wa Akhmat, si wa Ivan. Fikiria vizuri. Ugra ni mto, na jeshi la Watatari ni la farasi. Kinachowazuia kuvuka ni maji, kwa hiyo wanalazimika kupita kwenye vivuko vyenye maji mafupi, na kila kivuko kina Warusi wenye mishale, bunduki za kizamani na mizinga. Mto ukiganda, vivuko havina maana tena, farasi anapita popote apendapo. Ndiyo maana barafu ilipokaza mwishoni mwa Oktoba, Ivan aliwaondoa watu wake mtoni akawarudisha nyuma mpaka Kremenets na Borovsk. Baridi ilimfukuza yeye kwanza.

Sasa tulitazame tukio lenyewe, maana wengi wanalipita mbio.

Akhmat alitoka kusini kiangazi cha 1480. Ivan akapanga watu kando ya mto Oka. Akhmat, kwa kuwa si mjinga, hakuja kugonga mlango uliofungwa. Alizunguka magharibi mpaka Ugra, ambako ni karibu na nchi ya Casimir, kwa sababu walikuwa wamepatana kwamba Casimir ataleta jeshi lake hapo. Kwa hiyo, Kijana wa Chuno, jibu la swali lako la kwanza ni kwamba waliungana. Muungano ulikuwepo. Kilichokosekana ni mmoja wao kutokea.

Mwanzoni mwa Oktoba wakapigana kwenye vivuko siku nne mfululizo, Watatari wanaingia majini, wanarudishwa. Aliyekuwa pale mtoni si Ivan, ni mwanawe, naye anaitwa Ivan, kijana wa miaka 22, pamoja na baba yake mdogo, Andrei Mdogo. Baba mtu alikuwa ameondoka karibu na Oktoba kuanza, amerudi Moscow. Mjini watu wakamzomea. Askofu mkuu wa Rostov, Vassian, akamkaripia kama mtu anayekimbia, baadaye akamwandikia barua ndefu ya kumtaka asimame kama mchungaji asimamavyo mbele ya kundi. Ivan akampelekea mwanawe amri aondoke mtoni. Kijana akagoma. Akamtuma jemadari Kholmsky akamchukue hata kwa nguvu. Kholmsky akafika, hakuthubutu.

Ndugu zangu, huyu ndiye mtu tunayeambiwa alisimama imara Ugra.

Lakini msimdharau haraka. Wakati askofu anamwita mwoga, yeye alikuwa na kazi mbili mkononi. Ya kwanza ni ndugu zake, Boris na Andrei Mkubwa. Walikuwa wameasi mwanzoni mwa mwaka huohuo, wakaenda na watu wao mpaka mpakani mwa Lituanya, wakafungua mazungumzo na Casimir. Walikuwa na haki ya kukasirika: ndugu yao mwingine, Yuri, alipofariki 1472, Ivan alichukua ardhi yake yote, na Novgorod ilipoangushwa hawakupewa hata shamba. Sasa Ivan akawaahidi ardhi, wakarudi, na kufikia siku za ishirini za Oktoba wakawa wameungana naye Kremenets na askari wao.

Kazi ya pili ilikuwa imeshafanyika mbali: Mengli Giray, khan (mtawala wa Watatari) wa Krimea na rafiki wa Ivan, alishambulia Podolia, upande wa kusini wa nchi ya Casimir. Ongeza na fitina za ndani huko Lituanya, Casimir akabaki nyumbani.

Akhmat akasubiri. Watu wake hawana nguo za baridi, malisho yamekwisha, mshirika haonekani. Tarehe 11 Novemba akageuza farasi. Na njiani, kwa hasira, akapora miji ya mpakani ya nani? Ya Casimir, rafiki yake! Januari 1481 Watatari wenzake wakiongozwa na Ibak wa Siberia wakamvamia kambini wakamuua.

Nitaendelea, umeme unachezacheza huku na simu ina asilimia chache.

Zimwi la Masasi

Mwalimu umenipiga za uso mbele za watu. Friji nairudisha dukani. Shusha nondo.

Binti Mikindani

Shikamoo Mwalimu. Nasoma kimya kimya siku zote ila leo nimeshindwa.

Naona mnamsifia huyu bwana kwa ujanja wa mtoni, hakuna anayeuliza habari za waliomezwa. Mimi ni mfanyabiashara, na ukiniuliza upande wangu kwenye ramani ya boksi, niko Novgorod. Mji ule haukuwa na mfalme. Kengele inagongwa, raia wenye sauti wanakusanyika, wanaamua vita, wanaamua amani, mtawala wa kuwaongozea jeshi wanamkaribisha na wanaweza kumfukuza. Walikuwa wanauza ngozi za kindi na nta kwa Wajerumani wa Hansa, ule umoja wa miji ya biashara, waliokuwa na ua wao hapohapo mjini. Na mtu aliyeongoza waliokataa kuwa chini ya Moscow alikuwa mwanamke, mjane, Marfa Boretskaya.

Ivan alipoona wanamtafuta Casimir awalinde, akatangaza kwamba wameisaliti imani ya Kiorthodoksi wanakwenda kwa Wakatoliki, na vita vikapata sura ya dini. Julai 1471 wakapigwa kwenye mto Shelon, na hapo ni baada ya kiangazi kikavu mno, maana kwa kawaida mabwawa ya kule yanazuia farasi na mwaka ule yalikauka. Kikosi cha askofu mkuu wa mji hakikupigana na watu wa Moscow, walisema wao wametumwa kuwapiga watu wa Pskov, mji jirani. Mtoto wa Marfa alitekwa akakatwa kichwa. Faini ikapita rubo 15,000, fedha ya Kirusi. Januari 1478 mji ukajisalimisha moja kwa moja, kengele ya baraza ikashushwa ikapelekwa Moscow, na Marfa akakamatwa akapelekwa hukohuko.

Swali langu kwako Mwalimu: mji wenye fedha kiasi kile ulishindwaje kununua askari?

Mwalimu Mstaafu, Kilwa

Marahaba binti yangu. Simu imepata chaji kwa jirani mwenye sola, tuendelee.

Umesema vizuri, na hiyo ya kikosi cha askofu wengi hawaijui. Jibu langu ni fupi: chakula. Kule kaskazini udongo ni mbaya na majira ya kulima ni mafupi. Novgorod ilikuwa na ngozi za manyoya mpaka za kugawa, lakini nafaka yake sehemu kubwa ilitoka kusini, kwenye ardhi ambazo njia zake zilikuwa mikononi mwa Moscow au majirani wa Moscow. Hata kabla ya Ivan, watawala wa huko kusini walikuwa wakikorofishana na Novgorod wanafunga njia za nafaka, na mji unaanza kulia. Kindi haliwi, au akiliwa hashibishi. Na mjini kwenyewe wenye mali walikuwa wamegawanyika, wengine wana biashara na Moscow, wengine na Wajerumani, na watu wa kawaida walikuwa wameshawachoka makabaila wanaohukumu kesi kwa kuangalia mfuko. Casimir walimwandikia mkataba, 1471 hakuleta hata mpanda farasi mmoja.

Lakini kuna jambo umelikatisha, nami naliona ndilo kubwa kuliko Shelon na Ugra kwa pamoja. Ni yale aliyoyafanya baada ya 1478. Aliwahamisha watu. Miaka ya 1480 yote alikuwa akiwaondoa makabaila na wafanyabiashara wa Novgorod, familia kwa familia, kwa maelfu, akawatawanya kwenye miji ya Moscow: Vladimir, Nizhny Novgorod na kwingineko. Ardhi zao akawapa askari wake kutoka Moscow, kwa sharti: unakaa, unakula mazao ya hapo, lakini nikipiga mbiu unakuja na farasi, silaha na watu wako. Ukiacha kutumika, ardhi si yako. Hapo amepata vitu viwili kwa mkupuo mmoja, mji usio na watu wa kuasi, na jeshi asilolilipa mshahara.

Vita vya kuteka mji vinachukua msimu mmoja. Kuufanya mji usikumbuke kuwa ulikuwa mji, hiyo ni kazi ya miaka kumi, na Ivan alikuwa na subira nayo. 1494 akafunga na ule ua wa Hansa, wafanyabiashara wa Kijerumani wakakamatwa na mali zao. Kwa hiyo binti yangu, sikatai upande wako. Mimi simwiti shujaa. Namwita mtu anayejua hesabu.

Yule ndugu yake Andrei Mkubwa aliyerudi na askari wakati wa Ugra mnataka kujua aliishia wapi? 1491 alikamatwa Moscow, kosa lake ni kwamba hakutuma watu alipoagizwa kumsaidia khan wa Krimea. Akafa gerezani 1493. Watoto wake nao wakafungwa. Ivan alisubiri miaka kumi na moja.

Sasa kwa Kijana wa Chuno, kwa kuwa unalinda ghala la korosho utanielewa haraka. Kuna ardhi ambazo Moscow haikuzipigania kabisa, ilizichukua kwa mtindo wa kangomba, ule wa kumnunulia mkulima mwenye shida mazao yake mapema kwa bei ya kutupa. Mtawala mdogo wa huko Yaroslavl au Rostov amerithi kipande, baba yake alikigawa kwa watoto wanne, babu alishakigawa kwa watano, kimebaki kijiji na kanisa. Ana shida leo, hawezi kungoja msimu. Anakuja mnunuzi mwenye fedha taslimu, bei anapanga yeye. Yaroslavl iliingia 1463, na nusu ya Rostov iliyobaki ilinunuliwa 1474. Hakuna damu, hakuna ngoma, ndiyo maana haipo kwenye hadithi za kijiweni.

Tver ilikuwa katikati ya hayo mawili, vita na ununuzi. Mtawala wake Mikhail alikuwa shemeji, kaka wa mke wa kwanza wa Ivan. 1485 mjumbe wake alikamatwa na barua za kumwita Casimir. Ivan akaja na jeshi, na mizinga akaikabidhi kwa fundi Mwitaliano, Aristotele Fioravanti, yuleyule aliyemjengea kanisa kuu la Kremlin. Mikhail akatoroka usiku kwenda Lituanya, mji ukafungua malango. Wa Tver walikuwa washindani wa Moscow kwa karibu karne mbili, wakaisha ndani ya siku chache za Septemba.

Kijana wa Chuno

Shikamoo Mwalimu, nisamehe ile ya mwanzo. Hiyo ya kangomba imeniingia kichwani moja kwa moja, hapa kwetu kila mtu anamjua mtu aliyeuza korosho zikiwa bado maua.

Ustadh wa Lindi

Assalaam aleikum wote. Mwalimu, mimi nina langu. Huyo Mengli Giray wa Krimea ni Mwislamu, Akhmat naye Mwislamu. Ivan ni Mkristo. Inakuwaje khan Mwislamu anamsaidia Mkristo dhidi ya khan mwenzake? Na Waturuki walikuwa wapi?

Mwalimu Mstaafu, Kilwa

Waaleikum salaam Ustadh.

Mengli na Akhmat walikuwa wanagombea urithi mmoja. Dola la Wamongolia lilipopasuka, Akhmat alijiona ndiye mwenye kiti, na ukoo wa Giray kule Krimea ukajiona ndio wenye kiti. Ndugu wa damu wakigombea nyumba, jirani yeyote mwenye panga anakuwa rafiki. Waturuki waliteka Kaffa, bandari ya Krimea, mwaka 1475, na Mengli akawa chini ya Sultani wa Istanbul. Sultani hakuona ubaya kwa Lituanya na Watatari wa Akhmat kupigwa na mtu mwingine kwa gharama zake mwenyewe.

Lakini angalia jinsi Ivan alivyomshika rafiki yake huyo. Mengli alikuwa na kaka aliyewahi kukalia kiti cha Krimea kabla yake, Nur Devlet. Kaka huyo alikuwa Lituanya. 1479 akahamia Moscow, Ivan akampokea, akampa chakula na heshima, baadaye akamkabidhi Kasimov, mji mdogo mashariki ya Moscow uliokuwa na khan Mwislamu, misikiti na askari wa Kitatari, wote wakiitumikia Moscow. Mengli alifurahi kwamba kaka yake hayuko mikononi mwa Casimir. Wakati huohuo alijua kwamba siku akimgeuka Ivan, kaka yupo, anakula vizuri, ana afya.

Urafiki huo ulizaa mambo mazuri kwa Moscow na ya kutisha kwa wengine. 1482, kwa kuombwa na Ivan, Mengli aliivamia Kiev, akaichoma. Kiev, Ustadh, ni mji wa Waorthodoksi wenzake Ivan, ndiko Ukristo wa Warusi ulikoanzia! Mengli akachukua kikombe na sahani ya dhahabu kutoka kanisa la Mtakatifu Sofia akampelekea Ivan zawadi. Akapokea. Watu waliotekwa katika uvamizi wa namna ile walikuwa wakiishia soko la watumwa la Kaffa. Sisi wa Kilwa, ambao Kivinje yetu ilikuwa bandari ya biashara hiyohiyo karne ya 19, hatuhitaji kuelezwa inafananaje. Kwa hiyo yule Ivan aliyewapiga Novgorod eti kwa kuisaliti imani, miaka minne baada ya kengele kushushwa, haya ndiyo aliyoyafanya.

Binti Mikindani

Hapo sasa. Nilikuwa nasubiri utamke mwenyewe.

Zimwi la Masasi

Mimi naomba kuuliza kwa adabu safari hii. Kazan ilikuwaje? Maana kwenye boksi la Kijana wa Chuno wapo mashariki na hatujawagusa.

Mwalimu Mstaafu, Kilwa

Kazan ni hadithi inayofanana na yetu, nami nikiwa hapa Masoko nakiona Kisiwani ng'ambo ya maji kila nikienda sokoni, kwa hiyo nivumilieni.

1487 jemadari Kholmsky, huyohuyo aliyeogopa kumshika mtoto wa bosi wake, aliizingira Kazan, ikaanguka. Ivan hakuiunganisha na Moscow. Alimweka khan wake, Muhammad Amin, kijana aliyekuwa amelelewa Moscow, ambaye mama yake Nur Sultan alikuwa ameolewa na Mengli Giray. Yaani amemweka mtoto wa kambo wa rafiki yake. Ni ujanja mtupu. Na majira ya joto ya 1505, Ivan akiwa mgonjwa, Muhammad Amin akaasi, akawapiga wafanyabiashara wa Kirusi waliokuwepo Kazan.

Julai ya mwaka huohuo wa 1505, Wareno wa Francisco de Almeida waliteremka hapo Kisiwani, wakaupora mji, Amir Ibrahim akakimbia, wakamsimika mtu wao, Muhammad Ankoni, na wakajenga ngome. Mwaka uliofuata mtu wao aliuawa, na 1512 Wareno wenyewe wakaondoka. Ivan naye alifariki Oktoba 27, 1505. Hawakujuana hawa watu, lakini yule mfanyabiashara wa Tver, Afanasy Nikitin, aliyefika India karibu na mwaka 1470, alipita bahari hii hii yetu: akirudi kutoka Dabhol chombo kilimpeleka pwani ya Uhabeshi, wakawagawia wenyeji mchele, pilipili na mikate ili wasiporwe. Alikufa karibu na Smolensk kabla hajafika kwao Tver, na maandishi yake yakaishia kwa makarani wa Ivan.

Ninachotaka mkione ni hiki. Kazan Ivan aliweka mtu. Novgorod aliweka watu. Alipoweka mtu, kazi ilidumu miaka 18. Alipoweka watu, Novgorod haikurudi tena kuwa nchi yake yenyewe. Wareno hapa Kilwa waliweka mtu.

Kijana wa Chuno

Mwalimu, na Lituanya? Maana Casimir kwa maelezo yako ni mtu wa kuahidi na kutotokea. Hatimaye Ivan alimfanyaje?

Mwalimu Mstaafu, Kilwa

Casimir alikufa 1492 na usimcheke sana, alikuwa na vita upande wa Prussia, Bohemia na Hungaria, Moscow kwake ilikuwa shida ya tatu au ya nne. Hilo nalo ni sehemu ya jibu lako la kwanza: kila adui wa Ivan alikuwa na adui mwingine aliye muhimu zaidi.

Alipokufa, wanawe wakagawana, Jan Albrecht akachukua Poland na Alexander akachukua Lituanya. Ivan aliona mlango. Hata kabla ya hapo, watawala wadogo wa mto Oka ya juu, Waorthodoksi waliokuwa chini ya Lituanya, akina Vorotynsky na Odoevsky, walikuwa wakihama mmojammoja kwenda Moscow na ardhi zao, na wakihama wanamvamia jirani aliyebaki mpaka naye ahame. Vita visivyotangazwa. 1494 wakaandikiana mkataba, Vyazma ikabaki kwa Moscow, na 1495 Ivan akamwoza Alexander binti yake Elena.

Ungedhani ndoa ingeleta amani. Ivan aliitumia kama jicho ndani ya nyumba ya mkwe. 1500 akadai bintiye anasumbuliwa abadili dini, vita vikaanza. Julai 14 kwenye mto Vedrosha jeshi la Lituanya likavunjwa na kamanda wake Konstantin Ostrogski akatekwa. Tarehe ileile ya Shelon, Julai 14, miaka 29 baadaye. 1502 Mengli akayamaliza mabaki ya Watatari wa Akhmat. 1503 Alexander akasaini kusitisha vita, na Moscow ikabaki na Chernigov, Bryansk, Starodub na miji mingine mingi ya kusini-magharibi.

Smolensk aliishindwa, jeshi lake liliizingira 1502 likarudi mikono mitupu. Na nyumbani mambo yaliharibika: yule mtoto shujaa wa Ugra alikufa 1490, tabibu aliyeahidi kumponya akakatwa kichwa, mjukuu Dmitry akavikwa taji 1498, miaka minne baadaye akawekwa kizuizini na nafasi akapewa Vasily, mtoto wa mke wa pili, Sophia wa ukoo wa wafalme wa Bizanti. Dmitry alifia kifungoni 1509.

Vasily aliendelea palepale: Pskov 1510, Smolensk 1514, Ryazan karibu na 1521. Na 1521 hiyohiyo Watatari wa Krimea, watoto wa rafiki mpenzi Mengli, walifika mpaka jirani na kuta za Moscow, kwa sababu Watatari wa Akhmat walishakwisha na hapakuwa tena na adui wa pamoja. Kazan haikushikwa moja kwa moja mpaka 1552, na huyo sasa ndiye Ivan Mkatili. Akitaka mtu tumjadili afungue uzi wake, maana mimi asubuhi nina palizi na vijana wa kibarua wanafika kabla ya jua.